Tomaso, Pacha wa Nani

Kabla hajaitwa Tomaso alikuwa Ndahani, mchimba visima wa upande wa Msalato. Nchi ile haina mto wa kudumu. Mvua zikikatika, makorongo hubaki mchanga mtupu, na mwenye ng'ombe hana budi kumtafuta mtu wa kumfukulia maji. Kazi alifundishwa na mjomba wake, na mjomba alipokufa Ndahani akarithi sululu, kamba ya ngozi na ukimya. Alikuwa mrefu, mabega mapana, maneno machache. Wenzake walimcheka kwa jambo moja tu: alipojilaza juu ya ngozi hakulala katikati hata siku moja. Alijibana ukutani, nusu ya ngozi akaiacha wazi, kama mtu anayemwekea nafasi mwenzake aliyetoka nje kidogo. Mama yake, Madeje, alikuwa amemwona akilala hivyo tangu utoto, na hakusema kitu.

Miaka ile Wadachi walikuwa wakiisukuma reli kutoka pwani kuja Ugogo, na majumbe walizunguka vijijini wakitafuta watu wa kazi. Ndahani hakuwa na haraka nayo. Kilichomtoa Msalato kilikuwa Yudith, binti wa nyumba ya Wakristo wa Chamwino, ambaye baba yake alisema wazi kwamba hatamwoza kwa mtu asiyebatizwa. Basi Ndahani akahamia Chamwino na mama yake, akajenga tembe, akaingia darasa la ubatizo kwa mwalimu Yotham.

Yotham alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyesomea Mpwapwa. Alipata kazi na mwanafunzi huyu. Wengine waliposikiliza habari za ufufuo wakitikisa vichwa, Ndahani aliuliza lile jiwe la kaburini lilikuwa la namna gani, lilikuwa zito kiasi gani, na nani aliyelishika kwa mikono yake akahakikisha. Aliuliza bila dharau. Mawe aliyajua na alitaka kujua. Ulipofika wakati wa kuchagua majina, Yotham akacheka, akasema huyu hana jina jingine ila Tomaso, kwa kuwa Tomaso naye alikataa kuamini mpaka atie kidole chake kwenye jeraha. Darasa zima likacheka. Ndahani naye akatabasamu, akalikubali.

Siku ya ubatizo padre alikuja kwa punda kutoka misheni. Kanisa lilikuwa la miti na udongo, limejaa mpaka mlangoni. Madeje, ambaye hakuwa Mkristo, alisimama nje chini ya ukingo wa paa. Padre akachota maji, akaita, "Tomaso." Ndahani akajibu, "Naam." Yudith alikuwa ameketi upande wa wanawake, karibu na mlango, na yeye alisikia "naam" mbili: moja mbele, moja nyuma ya bega lake. Akageuka akidhani kuna mtu amechelewa. Nje palikuwa na jua jeupe juu ya kiwanja kilichofagiliwa, na mama mkwe wake mtarajiwa aliyeikumbatia nguzo ya mlango, anateleza taratibu kwenda chini. Watu wakamkimbilia wakampepea, wakasema ni joto.

Walioana baada ya mavuno, na tangu wiki za mwanzo Yudith akaanza kujishangaa. Alikuwa akimnawisha mumewe mikono, kisha anageuka na kibuyu cha maji kumnawisha wa pili, na hapakuwa na wa pili. Alipakua ugali wa uwele na mlenda, akikaa kula anakuta ameweka na kiti cha mtu mwingine. Alikirudisha pembeni. Mara ya kwanza alidhani ni ugeni wa nyumba. Baadaye akaanza kuogopa mikono yake mwenyewe, kwa sababu mikono ndiyo iliyojua kitu ambacho yeye hakukijua.

Tomaso naye alikuwa na yake. Siku moja alikuwa akitoka Msalato peke yake, akakutana na mzee mmoja mchungaji ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Yule mzee akasimama, akamsalimu, "Mbukwenyi," salamu ya watu zaidi ya mmoja. Tomaso akaitikia akidhani ni heshima tu. Walipokwisha kuulizana habari za malisho na maji, mzee akainua fimbo akaielekeza kushoto kwa Tomaso, akauliza, "Na huyu ndugu yako mbona haitikii salamu?"

Tomaso akatazama kushoto. Palikuwa na vumbi na vichaka vya miiba. Akamuaga yule mzee, akaenda zake, na mpaka anafika nyumbani hakuthubutu kutazama tena upande ule.

Reli ilipokaribia Dodoma, Wadachi wakataka maji kwa ajili ya magari ya moshi, na mchimba visima hakuweza tena kukaa nyumbani. Tomaso akapelekwa kambini, chini ya nyapara mmoja Mrangi kutoka Kondoa, jina lake Hassani, mtu wa sala tano na mwenye kichwa kinachoshika kila kitu. Hassani aliwaita watu wake kila asubuhi kwa majina, bila karatasi, akiwatazama usoni. Asubuhi ya kwanza alipoita "Tomaso," sauti mbili zikaitika, moja nyuma ya nyingine kidogo, kama mtu na mwangwi wake. Lakini pale ni mbuga tupu. Hapana mlima wa kurudisha sauti. Hassani akauliza nani anayefanya mzaha. Akaita tena, zikaitika mbili tena, na safari hii ile iliyokuwa nyuma ndiyo iliyotangulia.

Watu wakaangaliana. Hassani akasema "Astaghfirullahi" kwa sauti ndogo, akaendelea na majina mengine. Walipotawanyika alimsogelea Tomaso akamwambia, "Kuanzia kesho sikuiti. Wewe nitakuhesabu kwa macho." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenzake nguo.

Hata hivyo habari ilikwisha kuenea kambini. Jioni watu walihamisha mikeka yao mbali na wa Tomaso. Aliyebaki naye ni Kefa tu, jamaa wa Mvumi, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kamba juu ya kisima wakati Tomaso yuko chini. Kefa hakuwa jasiri kuliko wengine, ila alimpenda Tomaso kwa sababu hakuwa na majivuno. Kisima chao kilikuwa kimekwisha kupita udongo, sasa wanagonga mwamba. Kefa aliinama ukingoni akisikiliza sululu ikilia huko chini: koh, kimya, koh, kimya. Siku nyingine katika ule ukimya ikawa inalia ya pili. Kefa alisema moyoni ni masikio. Ila ndoo za mawe zilipanda kwa wingi kuliko nguvu za mtu mmoja, na fundi Mgiriki aliyekuwa msimamizi alifurahi sana.

Siku ile ilikuwa saa sita mchana, kivuli cha mtu kiko chini ya nyayo zake. Tomaso alikuwa akipakia ndoo. Kefa akaita kama walivyozoea, "Tomaso, tayari?"

"Tayari," ikajibiwa.

Jibu halikutoka kisimani. Lilitoka nyuma ya Kefa, karibu na sikio lake, kwa sauti ile ile ya Tomaso, tulivu na yenye kutaka kumpendeza, kama mtu aliyefurahi kuulizwa. Mikono ya Kefa ilikwisha kuanza kuvuta kabla akili yake haijafika. Ndoo iliyojazwa nusu, mawe yamepangwa vibaya juu yake, ikapanda ikigonga kuta, na jiwe moja likachomoka likashuka lilikotoka.

Walimtoa Tomaso akiwa hai, bega la kulia limevunjika. Kefa alilia kama mtoto, akaapa kwamba aliambiwa tayari. Tomaso akamwambia anajua, kwani hata yeye kule chini alisikia.

Akarudishwa Chamwino. Mganga wa mifupa akalifunga bega kwa vijiti na kamba za ukindu, naye akakaa nyumbani miezi mingi, mkono umening'inia shingoni. Ilikuwa Jumapili ile inayofuata Pasaka, amekwenda kanisani kwa mara ya kwanza tangu aumie, na padre amekuja kuzuru. Yotham akasoma habari za Tomaso na mashaka yake, watu wakamtazama mwenzao wakatabasamu. Lakini Tomaso alikuwa ameshika neno moja tu. Kando ya jina palikuwa na neno jingine, limesemwa kwa kupita, kwamba huyo Tomaso aliitwa Pacha.

Ibada ilipokwisha akawangoja nje. Akamwuliza padre kwa nini mtu yule alikuwa na majina mawili. Padre alikuwa mtu mwenye kupenda maswali ya namna hiyo, akaketi juu ya gogo akamweleza. Akasema hayo si majina mawili, ni moja. Katika lugha ya watu wa kwao Yesu, Tomaso ni neno la kawaida tu, maana yake pacha. Wayunani walipolipokea wakaligeuza kwa lugha yao, wakasema Didimo, nalo ni pacha vilevile. Wengine wa kale walisimulia kwamba alikuwa na jina lake hasa, Yuda, lakini likafunikwa, na ulimwengu wote ukabaki kumwita Pacha. Toka huko jina likasafiri, Uhindi, Ulaya, kila mahali watu wakiwapa watoto wao, na wengi wao hawajui wamewaita nini.

Tomaso akauliza, "Pacha wa nani?"

Padre akatazama kitabu mikononi mwake. "Haikuandikwa," akasema. "Mwenzake hakutajwa popote."

Tomaso akaenda moja kwa moja nyumbani. Mama yake alikuwa anapepeta uwele kivulini. Hakumsalimu hata. Akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Mama, mwalimu alinipa jina kwa ajili ya maswali yangu. Leo nimeambiwa maana yake ni pacha."

Ungo ukasimama mikononi mwa Madeje. Akauweka chini taratibu, nafaka isimwagike. Akatazama njia iendayo Msalato.

"Ulizaliwa alfajiri," akasema. "Watu wakashukuru, wakadhani kazi imekwisha. Bibi yako akaniwekea mkono tumboni, akasema bado. Jua lilipogusa paa akaja mwenzako. Hakulia yule. Alikuwa anatazama tu. Akatazama dari, akanitazama mimi, akakutazama wewe. Wewe ukalia, naye akafumba macho."

Bibi alimweka yule mtoto katika nusu ya chungu, akamzika nyuma ya ukuta wa tembe la zamani, akawakataza watu wa nyumba ile kumtaja. Alisema hakupewa jina, kwa hiyo hapana njia ya kumwita, na hilo ni heri. Baba yake Tomaso alikufa bila kulifungulia kinywa. Madeje naye alikuwa amekusudia kufa nalo.

"Ulipokuwa mdogo," akaendelea, "nilikuita siku moja uje ule. Wewe ulikuwa mbele yangu hapa, unachezea vumbi. Nikasikia nyayo nyuma ya ukuta, zinakuja mbio, kama za mtoto anayewahi chakula. Tangu siku ile sikukuita kwa mbali. Nilikuwa nakufuata uliko nakushika mkono." Akajifuta uso kwa ukingo wa kaniki. "Kanisani walipotaja lile jina nilimsikia anaitika. Sauti ya mtu mzima. Nikajua wamempa."

Yudith alikuwa mlangoni amesikia yote. Akatazama mikono yake, kisha kile kiti kilichokaa pembeni. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hofu ikamtoka kidogo, huruma ikaingia mahali pake.

Tomaso akamwendea Yotham. Akasema anataka kulivua lile jina. Yotham alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia jambo ambalo masomo yake hayakumwandaa nalo. Akasema ubatizo hauvuliwi kama shuka. Na wala hawezi kumbatiza aliyekwisha kufa. Hilo kanisa halina. Upepo ulikuwa ukisukuma mlango wa kanisa, unaufungua na kuufunga.

"Lakini mtoto hapewi jina na kanisa peke yake," Yotham akasema. "Ana mama."

Basi wakaenda Msalato, Tomaso, mama yake na Yudith. Yotham aliwafuata mpaka kwenye miamba, akasema atasubiri hapo. Tembe la zamani lilikuwa limeanguka. Paa lilishaingia ndani, minyaa imeota chumbani, ukuta mmoja tu wa nyuma umebaki wima. Ilikuwa alasiri, na huko upepo hauishi; lakini walipoukaribia ule ukuta ukaisha, ghafla, kama mtu anayeshika pumzi.

Njiani walikuwa wamebishana juu ya jina. Madeje alitaka kutafuta jipya. Tomaso alikataa. Alisema jina jipya litakuwa la kumfukuzia tu, kama mfupa unaotupiwa mbwa ili aondoke mlangoni. Yeye ana majina mawili na mwenzake hana hata moja. Basi mwenzake atachukua hilo la kwanza, lililotolewa ndani ya nyumba ile, asubuhi ile, na watu wale wale. Mama alilia. Jina hilo ndilo alilomlelea mwanawe aliye hai. Akauliza, "Na wewe nikuite nani?" Tomaso akamwambia amwite kama wanavyomwita wengine.

Madeje akasimama mbele ya ukuta, akavuta pumzi.

"Ndahani," akaita.

Tomaso akasikia jibu likimpanda kooni. Lilikuwa ni jina lake tangu azaliwe, na mwili wake haukujua kukataa. Akauma ulimi mpaka akaonja damu. Yudith akamshika mkono ule mzima.

Kwanza pakawa kimya. Halafu, nyuma ya ukuta, nyayo. Hazikuja mbio. Zilikuja pole pole, kwa uzito, zikikanyaga vigae na majani makavu, zikauzunguka ukuta, zikasimama. Tomaso hakuona kitu. Aliona uso wa mama yake tu. Madeje alikuwa ameunyosha mkono wake chini, mahali ambapo kichwa cha mtoto kingekuwa. Akauacha hapo kidogo. Kisha akaanza kuuinua, akapita kiuno, akapita kifua, na macho yake yakapanda pamoja na mkono, mpaka akawa anatazama juu, kimo kile kile anachomtazamia Tomaso.

"Umekua," akasema.

Akazungumza naye kwa Kigogo, kwa sauti ya chini mno, na Tomaso hakusogea kusikiliza. Upepo uliporudi, mama aliushusha mkono, akageuka, akasema twendeni.

Bega lilipopona Tomaso akarudi kambini. Reli ilikwisha kufika Dodoma na kupita. Hassani alimpokea vizuri, na asubuhi ya pili, baada ya kusita, akamwita kwa jina. Iliitika sauti moja. Watu wakacheka kwa faraja, Kefa akampiga kwenye bega lile zima, na mikeka ikarudi kandokando ya mkeka wake. Yeye hakucheka. Alimwambia Yudith baadaye kwamba kisimani kulikuwa na upweke ambao hakuwahi kuujua, na kwamba ubavu wake wa kushoto ulikuwa baridi, kama mtu aliyeamka akakuta mwenzake wa kitandani ameondoka. Kazi yake sasa ilikwenda polepole. Yule fundi Mgiriki alilalamika.

Madeje hakurudi Chamwino kukaa. Aliomba ajengewe kibanda pale pale Msalato karibu na ule ukuta, na wapita njia walimsikia alasiri akizungumza, akinyamaza, akizungumza tena. Alikufa mwaka mmoja kabla ya vita vya Wadachi na Waingereza. Walipokwenda kumzika walikuta nje ya kibanda ngozi mbili zimetandikwa juani zipate joto, na moja hakuna aliyejua ni ya nani.

Yudith alijifungua wakati wa vita, karibu na mwisho wa utawala wa Wadachi, watu wanachukuliwa upagazi na chakula kimekuwa adimu. Tomaso alinusurika upagazi kwa sababu ya bega. Mkunga alikuwa Dorkasi, dada wa mwalimu. Mtoto alipotoka, wa kiume, Tomaso aliyekuwa nje akaagiza kwamba asitajwe kwa jina lolote bado, na mkunga aweke mkono tena tumboni asubiri. Dorkasi akamwambia hakuna kitu. Akamwomba asubiri. Wakasubiri mpaka jua likapanda juu ya paa, Dorkasi amekasirika, ugali wake umeungulia nyumbani.

Ndipo Yotham akaitwa. Tomaso hakukubali jina kabla ya kujua maana yake. Yotham akamtajia Petro, akasema ni jiwe. Tomaso akasema mawe yamemtosha. Akamtajia Filipo, ni mpenda farasi. Farasi aliowajua yeye ni wa maofisa wa boma, na hakuwapenda. Yotham akafikiri, akasema, "Bartolomayo. Maana yake ni mwana wa Tolomayo. Mwana wa baba yake, basi."

"Halina zaidi?"

"Silijui zaidi."

Tomaso akalisema polepole, akageukia mlango, akasikiliza. Mbuzi walikuwa wakilia kwa jirani. Akasema hilo litafaa, akaingia ndani kumwona mtoto.